Kwetu Hakuna Mtu wa Namna Hiyo

Kishapu, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Edson, baba Davis,

Nakusalimu kwa mkono huu huu uliokubeba. Sisi huku tunaamka. Mama mkwe wangu, bibi Lusia, yupo, macho ndiyo yanafifia ila mdomo mzima, jana kanigombeza kwamba uji hauna moto. Noela hajambo, anakusalimu na anauliza kama bado una lile koti la ajabu. Jirani yangu mama Euphrasia kavunja jino la mbele kwa mhogo mkavu, sasa akicheka anajiziba na kanga. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja kakataa mtoto, Noela anamnyonyesha kwa chupa. Mvua ilikuja ikakata, pamba imefika gotini ikagoma, mtama ndio unajikaza. Makaburi ya baba na mama nimeyapalilia. Na ninyi huko, Justa anaendeleaje? Davis anasoma? Mapacha wameota meno? Wasalimie mmoja mmoja, usiwasalimie kwa mafungu.

Sasa nikuulize. Jilala wangu yukoje?

Tangu Krismasi sijamsikia. Nilipiga kwa simu ya mama Euphrasia, ikaita ikakatwa. Siku ya pili akapokea, akasema, "Mama, usiongee humu, wanasikiliza," akakata. Wanasikiliza akina nani? Mama Euphrasia kweli anasikiliza, na simu yake ile ukiongea sauti inafika kisimani, lakini yeye ni mmoja. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne. Unisamehe mistari inapanda na kushuka.

Na Mwita, dereva wa lori la mtama, ameniambia alimwona mwanangu Katoro sokoni, jua la saa saba, amevaa sweta na koti juu yake, anaongea peke yake. Nikamwambia, "Siku hizi vijana wote wanaongea peke yao, wana vile vitu vya masikioni." Mwita akaniangalia. Akasema, "Mama Jilala, masikioni alikuwa ameziba pamba."

Edson, wewe ni mjomba wake. Nilimkabidhi kwako mzima, anacheka, anabeba gunia peke yake. Niambie.

Halafu kuna jambo zuri ambalo naogopa hata kuliandika. Watu wa Ushirombo wamekuja kumposa binti yangu Noela. Kijana anaitwa Mwigulu, fundi seremala. Wazee wake walikaa uani wakauliza ya kuuliza kama ilivyo desturi: kwenu kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna wendawazimu? Nikawajibu, kwetu hakuna mtu wa namna hiyo.

Mpe Mwita majibu, atayaacha dukani kwa Kanji. Usikae nayo.

Dada yako,
Zipora


Machimboni, Geita, 9 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Duara letu, lile shimo la dhahabu, liliingia maji, tulikuwa tunavuta kwa pampu wiki mbili bila kupumzika. Justa na watoto hawajambo. Mapacha meno mawili mawili, wanauma kila kitu. Koti lipo, mwambie Noela ataliona harusini.

Jilala yupo. Alipata malaria ikampanda kichwani kidogo. Anatunzwa. Mwita anapenda maneno, usimsikilize.

Nina swali. Jilala alirithi jina la mzee gani upande wa baba yake, na huyo mzee alizikwa wapi? Nitumie jibu haraka, lina umuhimu.

Edson


Kishapu, 17 Machi 2024

Edson,

Marahaba. Wote tumeamka salama, bibi Lusia anasalimu, Noela pia, mtoto wa mbuzi anakua. Leo sina salamu ndefu.

Malaria haiulizi jina la babu. Anayeuliza babu kazikwa wapi ni mganga. Umempeleka mwanangu kwa mganga gani, na lini, na kwa ruhusa ya nani?

Barua yako umeandika "anatunzwa". Hukuandika "namtunza". Mimi kusoma kwangu ni kidogo lakini nasoma.

Na kuna neno nimelisikia kisimani, nikadondosha ndoo. Wanasema Edson duara lake limetema dhahabu mwaka jana kwa sababu alichukua ndagu. Wanasema dawa hiyo ya utajiri haitaki kuku wala mbuzi, inataka mtu wa damu yako, na ukimtoa hafi, anapotea akili anazunguka sokoni na makoti mawili. Nilimwambia aliyesema, "Huyo Edson nimemlea mimi, mama alipokufa alikuwa hajui hata kujifunga kaptula." Akanijibu, "Ndiyo hao hao."

Nakuuliza mara moja tu, sitarudia. Umemuuza mtoto wangu?

Ukiwa hukufanya, andika hukufanya. Ukiwa umefanya, usiandike kitu, nitajua.

Zipora


Machimboni, 14 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Sikufanya. Naandika tena: sikufanya.

Kilichonichelewesha ni aibu. Barua yako niliipokea wiki tatu nyuma, nikaisoma nikiwa mwaloni, pale tunapooshea mawe, nikaiweka mfukoni ikalowa. Sasa kaa chini nikueleze.

Ilianza Oktoba. Jilala aliacha kulala. Alisema chini kwenye duara kuna watu wanataja jina lake, wanaume wawili na mwanamke, wanamcheka. Tukadhani ni bangi, maana vijana wengi hapa wanavuta ndipo wazame bila woga, na yeye alikuwa anavuta kweli. Akaacha bangi, sauti hazikuacha. Mwisho wa Desemba akatupa simu yake chooni. Januari akamshika Davis wangu akamwambia, "Wewe siyo Davis, Davis wamemweka wapi?" Mtoto alilia mpaka akakojoa.

Nikampeleka kwa mganga mmoja huko porini. Alikaa wiki tano, mguu umefungwa mnyororo kwenye gogo. Mganga ndiye aliyetaka jina la babu. Siku moja Justa akaja kumletea chakula, akamkuta kidonda cha mguu kina funza. Unamjua Justa. Akamwambia mganga, "Mzee, mimi mbwa wangu namfunga na kumfungulia. Huyu mnamfungulia lini?" Akamwambia mtu alete nyundo. Tulimtoa siku hiyo hiyo.

Hospitali tumempata daktari mama mmoja wa watu wa akili. Nikamwuliza, "Daktari, amerogwa?" Akasema, "Hilo mimi sina kipimo chake. Nina dawa ya kumpa usingizi na kuzipunguza hizo sauti. Nimpe, au tuendelee kuulizana?" Nikamwambia, "Mpe."

Ugonjwa una jina refu, ameniandikia kwenye karatasi: skizofrenia. Amesema hauna chanzo kimoja. Kuna mbegu inayotembea kwenye koo za watu, wengine wanayo na haioti kabisa. Halafu inakuta bangi, kukosa usingizi, hofu, maisha magumu ya ujana, inaota. Nikamwuliza habari ya zebaki, maana Jilala ameikanda mchangani kwa mikono mitupu mwaka mzima. Akasema zebaki ni sumu kweli na inaharibu ubongo, tuache kuishika, ila kwa alivyomwona Jilala hadhani ndiyo yenyewe. Akasema pia siyo kosa la mama kulea vibaya. Hilo nililiuliza kwa ajili yako.

Anameza vidonge kila siku. Sauti zimepungua, anasema sasa ziko kama watu walio chumba cha pili. Davis anamtambua. Lakini dada, sikufichi, anatembea kama ana ubao mgongoni, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Daktari amesema turudi aongeze kidonge kingine cha kulegeza huo ugumu, na tusiache dawa ghafla hata siku moja.

Vijana wangu sita wamekataa kuzama. Wanasema nimemtoa mpwa wangu, na kesho nitawatoa wao. Mmoja kaniambia usoni, "Bosi, wewe una wapwa wangapi waliobaki?" Wenzake wakacheka.

Sasa nisaidie. Daktari aliuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?" Nikasema hakuna. Akaandika. Akasema, "Nenda ukawaulize wakubwa." Mkubwa wangu ni wewe. Nijibu.

Edson


Kishapu, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Nimelia mpaka bibi Lusia akaniuliza nani kafa. Nimemwambia moshi.

Hatujambo wote. Noela anashona mashuka yake. Watu wa Ushirombo wametuma mshenga kusema wazee wameridhika na majibu, wanataka kupanga siku. Pamba itaanza kuvunwa mwezi ujao, ni ya kubahatisha.

Nisamehe kwa lile neno la ndagu. Justa mwambie wabeja, asante sana, mwambie nimempa ng'ombe moyoni.

Lakini huo mwili wa ubao na mate, Edson, mwanangu mimi sikumzaa hivyo. Mbona dawa inamwua huku inamponya? Nimekwenda kwa mzee wa upande wa marehemu baba yao, yule anayeongea na masamva, mizimu ya ukoo. Sikumtajia shida yangu, akaitaja mwenyewe. Akasema kijana haumwi, anaitwa. Masamva wanamtaka awe mfumu, atibu watu, na wakiongea mtu anaziba masikio ndiyo wanapiga kelele. Akasema hawawezi kuongea vizuri juu ya dawa za kizungu. Nimekutumia mizizi kwa Mwita, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mchemshie asubuhi na jioni siku saba, na hizo siku saba vidonge asimeze. Baada ya hapo tutaona.

Ni mimi dada yako nasema. Nimekulea, hujawahi kunikatalia, usianzie hapa.

Kuhusu lile swali la daktari, sina la kujibu. Atibu aliye hai, Makoye amwache apumzike.

Zipora


Machimboni, 26 Mei 2024

Dada,

Niliacha kumpa vidonge tarehe kumi kwa sababu umesema. Justa alikataa, tukagombana, nikamwambia dada yangu ndiye mama yangu. Jilala siku tatu za kwanza alikuwa mzuri ajabu, mwili ukalegea, akacheza mpira na Davis, nikajiona mjanja. Siku ya sita akaacha kulala. Siku ya tisa alitoka bila viatu kwenda kununua chumvi.

Leo ni siku ya saba hajarudi.

Tumeingia kwenye maduara yote yaliyoachwa, mimi na Justa na watu wawili tu waliokubali. Tumeshuka na kamba. Hatukumkuta. Polisi tumeandikisha.

Mimi sikukutajia Makoye. Nimeisoma barua yako tena na tena. Daktari aliuliza kama kuna mtu, wewe ukataja Makoye, na ukataka aachwe apumzike. Mimi uliniambia kaka Makoye alikwenda Maganzo kutafuta almasi, akapata, akapitiliza Zambia, akaoa huko. Utotoni nilikuwa nawaringia wenzangu kwa ajili ya huyo kaka wa Zambia.

Andika ukweli, au usiniandikie tena.

Edson


Kishapu, 30 Mei 2024

Edson mdogo wangu,

Barua yako imefika leo, naandika leo, Mwita nimemwomba asubiri na anasubiri, injini inaunguruma hapo nje. Salamu zipo, utazihesabia.

Makoye hakwenda Zambia.

Alikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na saba, wewe miwili. Alianza vile vile. Alisema kuna watu wanamsema kwenye majani ya mtama. Alikataa chakula cha mama, akala cha kwangu tu, mpaka nionje mbele yake. Baba alimfunga kwenye banda la mbuzi, kamba ya mkonge, kisha mnyororo wa jembe la ng'ombe. Miaka miwili na nusu. Ulikuwa unamwona, ila tulikuambia huyo ni mtu wa kuchunga mbuzi. Ulimwita Mbuzi. Ukifika pale alikuwa anakuimbia, hukumbuki?

Mwaka ule walikuja watu kuniposa mimi. Wakakaa uani wakauliza yale yale: kifafa, ukoma, wendawazimu. Baba akajibu kwetu hakuna mtu wa namna hiyo, na Makoye yupo nyuma ya ukuta, amezibwa mdomo na kitambaa. Mimi ndiye niliyetumwa kumziba. Aliniangalia tu, hakunikatalia. Wageni walipoondoka nikamfungua kitambaa, nikamfungua na mnyororo, nikasema nenda ukaoge, kaka. Nilimwonea huruma, au nilitaka asionekane siku ya ng'ombe, mpaka leo sijui ni lipi.

Mvua za mwaka ule zilipokauka wachimbaji wa Maganzo walimkuta kwenye shimo la zamani la almasi. Baba alikwenda peke yake akamzika huko huko. Akatukusanya akasema Makoye yuko Zambia. Ng'ombe wa mahari yangu wakaja wiki mbili baadaye. Nilikula nyama ya harusi.

Kwa hiyo ulipoandika mbegu inatembea kwenye koo, niliisoma kama umeniandikia jina langu. Nilitaka sana iwe masamva. Masamva ni wa upande wa baba yake, siyo wangu. Nilitaka iwe ndagu pia, Mungu anisamehe, nilitaka uwe wewe. Chochote, isiwe mimi niliyembeba tumboni.

Nimemfungulia mwanangu kama nilivyomfungulia kaka yangu, nikamwambia nenda. Safari hii kwa barua.

Noela nimemwita nikamsomea yote haya. Alichukua ndoo akaenda kisimani, akarudi, akasema, "Mama, kumbe nina mjomba mwingine." Nikamwambia nitamwita mshenga niwaambie Ushirombo kabla hawajaleta ng'ombe. Akasema, "Waambie. Wakitaka kuoa ukoo, waende wakaoe ukoo." Kisha akalia juu ya yale mashuka.

Mwambie daktari afute alichoandika. Aandike Makoye, mjomba wa mgonjwa, alikuwa nao, hakutibiwa. Mtafuteni njia zinazokuja huku, Edson, asiende mashimoni. Vidonge vyake mvishike mkononi mkimpata, na mizizi yangu itupeni chooni.

Sitalala. Nitumie hata karatasi tupu.

Zipora


Machimboni, 12 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Jilala tumempata. Yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nina la kutubu: tulimpata tarehe ishirini na tisa, siku moja kabla hujaandika. Nilikuwa na uwezo wa kukupigia kwa simu ya mama Euphrasia, sikupiga. Nilitaka usikie kidogo nilivyosikia mimi kwenye kamba ile. Barua yako ilipofika na habari za Makoye nikaona haya, nikashindwa tena kuandika. Mbuzi namkumbuka. Wimbo wake naukumbuka, nimewahi kuwaimbia mapacha nisijue nimeutoa wapi. Unisamehe, na mimi nimekusamehe la vidonge. La Zambia bado, nitalisamehe polepole.

Sasa sikiliza alikokutwa. Alitembea kwa miguu mpaka Ushirombo. Aliwahi kunisikia nikimsomea Justa barua yako, akajua Noela anaolewa huko kwa seremala Mwigulu. Akauliza watu, akafika, miguu inatoka damu. Akawakuta wazee uani. Akasema, "Mimi ni shemeji yenu. Nimekuja kukagua nyumba atakayolala dada yangu, kama hawajaweka vipaza sauti."

Mwigulu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Anasema baba yake alisimama na fimbo. Yeye Mwigulu akamwambia Jilala, "Karibu, kagua." Akamtembeza vyumba vyote, Jilala akagonga kuta, akainama uvunguni, akachungulia mpaka ghala la mahindi. Alipomaliza akasema, "Iko safi. Wanaweza kulala." Ndipo akakaa chini akaanguka usingizi. Mama yake Mwigulu akamwosha miguu. Siku ya pili wakampandisha gari, Mwigulu akamleta hadi kwangu. Nikamwomba asiwaambie Kishapu kwanza. Aliniuliza swali moja tu, kama anatibiwa. Nikasema anatibiwa.

Kwa hiyo dada, ile siku uliyomwita mshenga, wao walikuwa wameshamwona. Sijui watasema nini.

Daktari ameandika habari za Makoye. Hakushangaa wala hakunilaumu, alisema sasa anajua anasimama wapi. Amebadilisha dawa, hii haimkakamazi sana. Na kwa kuwa vidonge vimeonekana kutegemea barua za watu, alisema hivyo kabisa, anataka amchome sindano, moja kwa mwezi. Jilala alikataa siku mbili. Siku ya tatu akamwuliza daktari, "Zikinyamaza zote, mimi nitabaki na nani?" Justa akadakia, "Na mimi, na sufuria zangu, na mtaziosha wewe na Davis." Jilala akacheka, Dada. Meno yote. Akatoa mkono. Daktari akamwambia, "Siyo mkono, geuka."

Inayofuata ni tarehe kumi Julai, na nyingine Agosti. Anaomba kurudi nyumbani. Mimi naogopa, huku dawa ipo, huko sijui kama ipo, na pengo la mwezi mmoja nimeliona lilivyo. Ukinihakikishia nitamleta. Usiponihakikishia simleti, hata ukinikasirikia.

Edson


Kishapu, 7 Julai 2024

Mdogo wangu Edson,

Nakusalimu wewe, na Justa wa nyundo, na Davis, na mapacha, na Jilala wangu. Huku bibi Lusia amesikia habari zote, kasema alijua siku nyingi kuna kitu, anasubiri tu nichoke. Noela hajambo. Mama Euphrasia hajambo, jino bado. Pamba tumevuna kidogo. Makoye nimemwekea jiwe pembeni ya mama, halina kitu chini yake, ila lipo.

Nilikukasirikia kwa siku zile ulizoninyima habari. Nilitupa sahani. Imekwisha.

Ushirombo walikuja tarehe ishirini na tatu Juni. Nilidhani nitawapasha habari mimi, kumbe mzee wa Mwigulu akaniambia, "Mama, kijana wako tulimwona kabla ya mshenga. Tulikuwa tunasubiri kama utasema." Nikamwuliza, "Na ningenyamaza?" Akasema, "Tungenyamaza na sisi, na usingetuona tena." Hata hivyo hajakubali, Edson. Anasema ataongea na ndugu zake baada ya mavuno, damu ni damu. Mwigulu alitoka nje akakaa na Noela kwenye gogo la kunyweshea ng'ombe, sijui waliongea nini, Noela hataki kusema. Mashuka ameyakunja ameyaweka. Hajayagawa.

Sasa lililo kubwa. Jana nimekwenda kituo cha afya. Foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, nusu ya kisima chetu ilikuwa pale. Nilipofika dirishani nikamwuliza nesi, "Sindano ya mwezi ya ugonjwa wa akili, ya mwanangu Jilala, mnayo?" Nesi kijana yule akainama akaniambia kwa sauti ndogo, "Sema polepole mama, watu wanasikia." Nikamwambia, "Ndiyo maana nimesema hapa."

Nilisikia nyuma yangu mtu anasema, "Huyu naye," na mwingine akamjibu, "Mwache." Nesi akaenda ndani, akarudi na mganga mfawidhi. Amesema haiko hapo kituoni, lakini wakiipata karatasi ya daktari wenu mapema, wataiagiza iwepo kabla ya siku yenyewe, na nesi atamchoma. Ameniandikia jina la dawa ili daktari wenu alithibitishe, nimeliweka humu ndani. Mimi sikulisoma vizuri lakini nimelinakili herufi kwa herufi.

Basi usimlete kwanza. Mpeleke tarehe kumi achomwe ya Julai huko huko, mwombe daktari karatasi, iangalie mwenyewe isiwe na kosa, umpe Mwita ailete kabla. Nitaipeleka kwa mikono yangu na nitakaa pale mpaka waniambie dawa imefika. Nikikuandikia imefika ndipo umlete, na uje naye mwenyewe, usimpakie peke yake. Ikichelewa abaki kwako, nami nitakuja huko nilale hata jikoni kwa Justa. Mwambie mama yake hamfungi wala hamfungulii, anamsubiri.

Mwita anapita Jumatano kurudi huku. Nakuomba jibu lirudi naye hiyo hiyo Jumatano, Edson, lisikae mfukoni mwako hata siku moja: amechomwa?

Dada yako,
Zipora